Neno Alilolitoa Sonara

"Usivae nyekundu," Sonara alikuwa amemwambia. "Mama hapendi mwanamke anayejitangaza."

Basi Sindano akavaa gauni la kijivu, alilolishona mwenyewe kwa kuibia muda katikati ya nguo za wateja. Lakini aliposimama kwenye uchochoro wa wauza vitambaa, wachukuzi wakimpita na marobota mabegani na kumpigia kelele "Njia! Njia, dada!", alijitazama kuanzia kifuani hadi miguuni akajiona kama mtu anayekwenda mazikoni.

Jina la Sindano alipewa na watu wa soko. Alikuwa mwembamba, alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulichoma. Leo ulimi huo ulikuwa umekauka.

Mlango wa hekalu ulikuwa hatua chache mbele yake, umebanwa kati ya duka la mapazia na duka la masufuria. Mgeni angeweza kuzunguka soko lile kutwa nzima asiuone. Wahenga waliolijenga hekalu walilijenga mahali peupe, kabla soko halijazaliwa. Kisha maduka yakaja moja baada ya jingine, kila moja likiegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa hekalu, hadi yakalimeza. Tembo wa mawe waliochongwa kwenye ukuta wa nje sasa walitundikiwa mikeka ya kuuzwa. Madirisha ya nyuma ya maduka yalifunguka juu ya ua wa hekalu, kiasi kwamba ukiwa umefumba macho unaomba, unamsikia mtu akilalamikia bei ya mashuka.

Humo ndimo walimopendana. Ukoo wa Sonara ndio uliotunza taa na vyombo vya fedha vya madhabahu tangu enzi za babu yake mzaa babu, na kila adhuhuri alikuja na kitambaa chake kuvisugua. Sindano aliitwa siku moja kutia kiraka pazia la madhabahu. Pazia lilikuwa na tundu dogo tu. Alilishona kwa mwezi mzima.

"Huyo fundi anashona pazia au anashona ndoa?" mzee mhudumu wa hekalu aliwahi kuuliza, na wote watatu wakacheka.

Nyumbani kwa kina Sonara hakuna aliyecheka. Mama yake aliposikia kwamba kitinda mimba wake, sonara ambaye mabinti wa soko zima walimpelekea pete zisizo na kasoro ili azitengeneze, anamtaka mwanamke aliyeachwa na mumewe kwa kukosa kuzaa, alisukuma sahani pembeni akasema mwanawe amerogwa. Ulikuwa ugomvi wa mwaka mzima. Halafu juzi Sonara alikuja mbio, uso umemchanua.

"Mama amelainika! Anataka akuone hekaluni. Anasema mahali pale hapasemwi uongo, kwa hiyo hapo ndipo mtaelewana."

Sindano alivua viatu mlangoni, akaingia.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa mawe na harufu ya mafuta ya taa. Nguzo zilizochongwa zilikuwa nyeusi kwa masizi ya miaka. Mama yake Sonara alikuwa ameketi mkekani karibu na madhabahu, na ubavuni mwake shangazi mtu, mwanamke mnene ambaye kazi yake katika mikutano ya ukoo ilikuwa kuitikia. Sonara alikuwa wima nyuma yao. Alimtupia Sindano jicho lililosema, usiogope.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Keti hapa nikuone." Sauti ilikuwa asali. "Gauni umeshona mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mkono unao. Sikatai, mkono unao. Mungu hamnyimi mtu vyote."

"Hanyimi," shangazi aliitikia.

Sindano alikaa. Alijikaza, akatabasamu.

"Mimi ni mtu wa haki," mama mtu aliendelea, akiinyoosha kanga ya begani mwake. "Nimesikia maneno juu yako. Nikajiuliza, je, nikimhukumu mtoto wa watu kwa maneno ya sokoni, nitakuwa nimetenda haki? Nikasema hapana. Maneno yaulizwe kwa mwenyewe. Ndiyo maana nimealika mgeni mwingine."

Sonara alishtuka. "Mgeni gani, Mama? Hukuniambia."

"Wewe kaa kimya. Mambo ya watu wazima haya."

Akaingia muuza viatu.

Sindano alimjua kwa hatua zake kabla hajageuka. Alikuwa ameishi na hatua zile miaka saba. Ilikuwa ajabu kumwona mtu yule, ambaye duka lake lilijaa viatu hadi dari, akitembea peku kwa tahadhari kama anayeogopa miiba. Nyuma yake alifuata mkewe mpya, msichana mdogo aliyekuwa akimsaidia dukani zamani, mkono mmoja kiunoni, tumbo limemtangulia.

"Karibu, baba," alisema mama yake Sonara. "Nisamehe kwa kukutoa kwenye biashara yako. Nina swali moja tu. Huyu binti alikuwa mkeo. Ulimwacha kwa nini?"

Muuza viatu alikohoa. Hakumtazama Sindano. "Mama, mambo ya ndani..."

"Uko mbele ya madhabahu. Sema."

"Hazai," alisema. "Nilivumilia. Nilimpeleka hospitali, nikampeleka kwa waganga, nikavumilia tena. Lakini mwanamume anataka kuitwa baba." Akaweka kiganja juu ya bega la mkewe, na sauti yake ikapanda. "Sasa tazameni wenyewe. Huyu hajamaliza mwaka kwangu. Sina la kuongeza. Kasoro ilikuwa kwa nani?"

"Kasoro imejulikana," shangazi aliitikia.

Dirisha la nyuma la duka la mapazia, juu ya ua, lilifunguka taratibu. Kisha la pili.

Sindano alikumbuka benchi la nje ya hospitali, mwanamume huyuhuyu akilia kwa kwikwi kifuani mwake, na maneno ya daktari bado mabichi masikioni mwao wote wawili: wewe mama huna tatizo, ila wewe baba, kwako hakuna kitu kabisa, wala dawa yake hakuna. "Usimwambie mtu," alikuwa amemsihi. "Nitakufa kwa aibu. Niapie." Naye akamwapia, kwa sababu siku ile alimpenda. Hata baada ya mumewe kwenda kwa ndugu zake na kuwaambia kuwa tasa ni mke, hata alipotolewa na mabegi yake mlangoni, hakuifungua ile siri. Kwa mtu mmoja tu aliifungua: kwa Sonara, hapahapa uani, siku alipomwuliza kama watapata watoto. Sonara aliweka kiganja karibu na mwali wa taa akaapa kwamba neno lile litaishia kwake.

Alimtazama muuza viatu usoni na akaelewa jambo lililomtia baridi: alikuwa hasemi uongo. Alikuwa ameamini. Tumbo lile lilimwambia daktari alikosea, naye akalikumbatia kwa mikono miwili.

Kisha macho ya Sindano yakahamia kwa yule mke mdogo.

Msichana alikuwa akimtazama yeye. Midomo ameibana, jasho limemtoka juu ya mdomo ingawa mahali pale palikuwa na ubaridi. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alitazama tu, jinsi mtu anayening'inia anavyomtazama aliyeshika kamba.

Anajua, Sindano aliwaza. Anajua kwamba najua.

"Haya, binti," mama yake Sonara alisema. "Nimekupa nafasi ambayo wengine wasingekupa. Shahidi amesema. Una la kujibu?"

Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Neno moja. Angelisema na kuondoka na mchumba wake.

"Sema, Sindano," Sonara alinong'ona kutoka nyuma. "Sema tu, mpenzi."

"Sina la kujibu, mama," alisema Sindano.

"Sindano!"

"Sina."

Mama mtu alishusha pumzi, na ile asali ikaisha. "Basi sikiliza, na usikilize vizuri. Mimi nimezaa wanne, nimezika wawili. Sitampa mwanangu aliyebaki nyumbani mti wa kivuli. Kivuli tunacho. Unamganda mtoto wa watu, unamla ujana wake, mwisho wake nini? Mfukoni mwa gauni lako utamzalia mtoto wa kitambaa?"

Juu dirishani mtu alicheka, akazibwa mdomo.

"Mama, basi," alisema Sonara.

"Sijamaliza. Inuka, binti. Cherehani yako iko upande ule wa soko, na mwanangu yuko upande huu. Nikikuona unavuka, nitakufuata na ufagio, na wauza vitambaa wote watakuwa mashahidi."

Sindano aliinuka. Alimtazama Sonara, na katika kumtazama kule alimwomba kitu kimoja tu. Hakutaka amtetee kwa hoja. Alitaka apite mbele ya mama yake, asimame karibu naye, aseme: nampenda, azae asizae. Tu. Maneno ya kumtosha maisha yake yote.

Sonara alipita mbele ya mama yake kweli.

"Mwongo ni huyu!" alipaza sauti, kidole kikimwelekea muuza viatu. "Sindano hana kasoro yoyote! Daktari aliwaambia wote wawili. Tasa ni yeye! Hana kitu, hajawahi kuwa nacho, na hakuna dawa. Mwenyewe alilia kama mtoto pale hospitali. Akatae!"

"Nyamaza," Sindano alisema. "Nyamaza, nakuomba."

"Sinyamazi! Wamekudhalilisha vya kutosha. Kama yeye ni baba, muulizeni huyu dada tumbo ni la nani!"

Juu madirishani vichwa vilichomoza zaidi.

Muuza viatu alicheka kwanza. Kicheko kifupi, kikavu. "Daktari yule alikosea," alisema. "Madaktari hukosea. Wangapi wameambiwa... Mke wangu, waambie. Waambie kwamba alikosea."

Msichana hakusema.

"Mke wangu. Sema kitu."

Alifungua mdomo. Alitazama taa, akatazama mawe ya sakafuni. Labda kama angejibu haraka angeokoka. Watu wengi wameokoka kwa uongo mwepesi. Lakini alichelewa, na kadiri alivyochelewa ndivyo uso wa mumewe ulivyozidi kubadilika, hadi ukawa uso ambao Sindano aliufahamu vizuri mno.

"Mimba ya nani?"

"Nisamehe."

"Nimekuuliza, ya nani?"

"Nisamehe, mume wangu. Nilitaka usiniite..."

Hakumpiga. Labda kwa heshima ya mahali, au kwa sababu ya madirisha. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akamvuta hadi mlangoni huku msichana akijikwaa kwa lile tumbo, akamsukumia uchochoroni miongoni mwa wachukuzi. "Viatu ulivyokuja navyo ni vyangu," alisema, akivichukua kutoka kizingitini. "Nenda ulikotoka bila hivi." Naye akaondoka upande wa pili, peku, viatu vyake na vya mkewe vyote mkononi, kama mwizi aliyefumaniwa.

Mzee mhudumu wa hekalu alikuwa amesimama nyuma ya nguzo na ufagio wake. Aligeuza uso ukutani.

Ndipo mama yake Sonara aliposimama, akapiga makofi mara moja, akafungua mikono.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe mwanangu! Na ulikuwa umekaa kimya na dhahabu mdomoni! Njoo hapa, njoo kwa mama yako." Alimkumbatia Sindano kwa nguvu, akanusa shingo yake kama anavyonuswa mtoto mchanga. "Ningejuaje? Mtu haambiwi, atajuaje? Ile nafsi ya kumstahi mume hata akikutesa, ndiyo ninayoitaka nyumbani kwangu. Shangazi, umeona?"

"Mke bora," aliitikia shangazi.

"Mwanangu mzima kabisa! Na nyonga hizi! Sikuzitazama vizuri mwanzo." Alivua bangili mkononi mwake, moja ya zile nzito za ujana wake, akaisukuma mkononi mwa Sindano hadi ikapita kifundo kwa maumivu. "Hii aliitengeneza marehemu baba mkwe. Mkaza mwana ndiye huivaa."

Sonara alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Alikuwa mzuri sana akicheka.

"Nakuja," Sindano alisema. "Nakuja sasa hivi."

Alitoka mbio bila viatu.

Soko lilikuwa limeshajua. Maneno yalikuwa yametoka kwa madirisha ya nyuma na kuingia kwa milango ya mbele, na sasa yalikwenda duka kwa duka kwa kasi kubwa kuliko mguu wa mtu. Kwenye duka la masufuria wanawake wawili walikuwa wameacha kuchagua na wanatazama upande mmoja. Sindano akafuata macho yao. Msichana alikuwa ameegemea robota la kitambaa, akipumua kwa shida, na watu wakipita walimwachia nafasi kubwa, katika soko ambalo nafasi haikupatikana kwa fedha wala kwa dua.

"Mdogo wangu," Sindano alisema.

"Usiniite hivyo."

"Sikusema mimi. Uliniona. Nilinyamaza."

"Ulimwambia nani?" Msichana aligeuka. Hakuwa akilia. "Yule bwana wako aliota? Ulilala kifuani kwake ukamsimulia siri ya nyumba ambayo hukuwa tena ndani yake. Ulijisikia vizuri siku hiyo?"

Sindano alimsogelea; msichana akajibanza kwenye robota.

"Aliniita tasa kila asubuhi kabla ya chai. Mwezi wa pili tu wa ndoa alianza. Wewe unajua anavyolisema. Lile neno anavyolivuta."

"Najua."

"Basi unajua. Wewe alikufukuza, ukaenda kwenye cherehani yako. Mimi sina cherehani. Baba yangu aliniambia siku ya harusi, mlango huu ukitoka umetoka." Alijishika tumbo, akakunja uso, maumivu yakapita. "Nilifanya nilichofanya ili nikae."

"Njoo kwangu. Nina chumba. Ni kidogo, lakini..."

Macho ya msichana yalishuka hadi kwenye mkono wa Sindano. Yakakaa pale. Sindano aliurudisha mkono nyuma ya gauni, lakini alikuwa amechelewa.

"Wameshakuvisha," msichana alisema taratibu. "Hata sijafika mwisho wa uchochoro." Alicheka kidogo, bila sauti. "Hongera, dada. Nakuombea uzae. Uzae wengi, wazuri, wafanane na baba yao. Na wakikuuliza mama na baba mlioanaje, uwaambie."

Akaondoka. Alitembea peku juu ya mawe ya soko, polepole, akijishikilia ukutani, na kila alipofika watu walimpisha. Muuza mapazia alitema mate pembeni. Sindano alipiga hatua mbili kumfuata.

Hatua ya tatu hakuipiga. Baadaye, katika miaka yote ya ndoa yake, angejaribu kukumbuka kilichomzuia, na asingepata kitu. Hapakuwa na mtu aliyemshika.

Aliporudi, Sonara alikuwa amesimama kwenye kile kizingiti chembamba, anamsubiri.

"Umekwenda wapi? Mama anataka tupange siku."

"Uliapa," Sindano alisema. "Mbele ya taa ile. Ukaniambia litaishia kwako."

"Ningekupoteza! Ulitaka nikae nitazame unavyofukuzwa?"

"Ungesema unanipenda hivyohivyo. Nizae, nisizae. Ungesema hilo tu, Sonara, mbele yao wote. Mimi lingenitosha."

Alifikiri. Kwa kweli alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na swali lilimgusa. Paji la uso wake likakunjana jinsi linavyokunjana anapopima dhahabu.

"Lisingemtosha Mama," alisema hatimaye.

Sindano alimtazama mtu huyu aliyempenda mwaka na zaidi, kope zake ndefu, vidole vyake vyenye alama za moto wa kazi. Alielewa sasa kwamba Sonara angeweza kulipa gharama mwenyewe, akachagua alipe mtu mwingine. Na kwamba hata hakuwa ameona kuwa alichagua.

"Mwanangu!" mama mkwe aliita kutoka ndani. "Njooni basi, shangazi ana njaa!"

"Unakuja?" Sonara aliuliza. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuogopa. Alimnyooshea mkono.

Kule mwisho wa uchochoro wachukuzi walikuwa wameanza tena kupiga kelele zao, na ile nafasi iliyoachwa katikati ya watu ilikuwa imeshajifunga. Sindano aliupokea ule mkono. Ulikuwa na joto lilelile la siku zote, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba bado aliupenda. Akainamisha kichwa chini ya kizingiti, akaingia.